Daftari la Presha

Zahanati yetu haina kadi. Unakwenda na daftari lako.
Langu nililirithi kwa mjukuu wangu Marjani,
aliyejaza ukurasa mmoja wa kugawanya, akachoka.
Sista Nabukeera anaandikia mbele:
mia moja sitini na nane juu ya mia moja na mbili,
tarehe, sahihi, na mstari mwekundu chini ya neno CHUMVI.

Mimi naandikia nyuma. Naligeuza juu chini
usiku, tochi begani, redio sikioni,
naandika yaliyopita Bombo kabla hayajapoa.

Jumatatu: mgombea udiwani kaja na spika mbili,
yule yule aliyekuwa akituuzia kandambili,
sasa anaitwa Mheshimiwa na kura hatujapiga.
Kila mlango kipande cha sabuni na nusu kilo ya,
wala sitanii,
chumvi.
Nimeipokea. Siasa miaka yote ilinipandisha presha
kwa mbali, kupitia redio;
mwaka huu imebisha hodi, mfuko mkononi.

Redio inasema pesa za barabara hazionekani.
Mtangazaji alitaja bilioni ngapi, sikushika;
nikajaribu kuandika moja tu, nione inavyokaa.
Sufuri tisa. Zilijipanga kama mashimo
ya barabara yenyewe, kutoka kambini hadi sokoni.

Sukari imepanda. Umeme umekwenda.
Habari za ng'ambo: dada yake Sebiti kapiga simu kutoka Uarabuni,
anasema yu mzima, kasema mara tatu,
na mtu anayesema mara tatu kwamba ni mzima
mwekee alama ya kuuliza. Nimeiweka.

Alhamisi foleni ilianza kabla ya adhana.
Mzee mmoja alisinzia benchini
amekumbatia kichupa cha mkojo wake kama zawadi.
Saa tano dirisha la dawa likafunguka nusu:
zimekwisha, rudini wiki ijayo.
Niliandika kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi:
HAKUNA HATA KIDONGE KIMOJA. WANAUZA.

Utamaduni, maana mtu haishi kwa presha tu:
harusi ya Zubeda binti Fadhimula.
Vijana walileta mtambo wa muziki,
ukavuma, ukakohoa, jenereta ikafa.
Kimya. Watu wakaanza kutafuta viatu vyao.
Ndipo bibi Halima Doka akapindua beseni la pilau
akalipiga kwa viganja, moja, mbili, na ile ya tatu inayochelewa,
tukaingia doluka na gurbaba zetu, wake wa askari wastaafu,
magoti yanalia kuliko beseni.
Nilijiambia raundi moja. Nilicheza nne.
Asubuhi kisogo kiligonga kama mlango siku ya msako.

Nikarudi kupimwa.
Sista alilifungua daftari upande usio wake.
Akasoma. Kwenye sufuri akacheka,
kwenye chumvi akaniangalia juu ya miwani.
Alipofika Alhamisi akanyamaza.
Mpira mkononi mwangu ukatoa pumzi taratibu, pssss,
yeye akachukua kalamu nyekundu, akaandika, akalifunga,
akaita: anayefuata!

Nyumbani ndipo nilipoisoma, pembezoni, mwandiko wa mbio:
*Si kweli, Mama. Vilibaki kumi.
Nilimpa vyote mjamzito mmoja, alifika na mia mbili.
Yuko hai. Mtoto pia. Andika na hiyo.*

Nimeandika na hiyo.
Ya mwanzo sikuifuta, ila lile neno la mwisho, WANAUZA.
Foleni ilikuwa kweli. Mzee na kichupa chake walikuwa kweli.
Nimechora mshale kati ya habari hizi mbili,
mshale umepinda kidogo, mkono ulitetemeka.

Katikati zimebaki kurasa saba.
Yeye anakuja na namba zake, mimi naja na maneno yangu,
na uchaguzi ni mwezi ujao.

Chumvi ya Mheshimiwa nimempa jirani mwenye ng'ombe.
Ng'ombe ameilamba yote. Hakuuliza chama.